Kamba ya Wagenia Juu ya Bati

Ruffin alikuwa na kompyuta moja kuukuu isiyo na kifuniko upande mmoja, matumbo yote nje, na aliiita serveur. Honorine, mke wake na mama wa mtoto wao Aimée, aliiita jeneza. Kila alipoipitia sebuleni na ufagio mkononi alisimama, akaitazama kuanzia kitaa chake cha kijani hadi rundo la nyaya lililolala nyuma yake, kisha akasonya. Kusonya kwa Honorine hakukuwa kusonya kwa watu wengine. Kulianzia chini kabisa kifuani, kukajivuta taratibu, na kulipofika mdomoni majirani wa parcelle ya pili walijua kwamba Ruffin ameanza siku yake.

Wazo lenyewe halikuwa baya, ila Honorine asingekiri hilo hata kwenye kitubio. Parcelle ile, kiwanja cha ukoo wa Wagenia wanaovua kwenye maporomoko hatua chache kutoka hapo, ilikuwa na nyumba tatu za ndugu na televisheni moja. Ruffin alinunua antena ya TNT, ya kunasa televisheni za hewani, akaisimamisha juu ya bati, akateremsha waya wake hadi kwenye kidude kidogo alichokichomeka kwenye kompyuta. Basi kompyuta ikawa inapokea chaneli za hewani na kuzigawa kwa wifi, kila mtu na simu yake, kila nyumba na inachokitaka. Ugomvi wa mpira na ibada ukaisha. Kwa siku za mwanzo watu walimsifu Ruffin mpaka Honorine akaona kichefuchefu.

Yote hayo yasingemhusu sana kama si mama yake. Mama Hélène aliteleza kwenye mawe ya mtoni akavunjika nyonga, na tangu hapo alikuwa mtu wa kitandani katika chumba kidogo cha nyuma. Hata kukalishwa kwenye kiti alilia. Na sasa René, kitinda mimba wake, alikuwa anapewa upadri Jumapili, kwenye katedrali, na chaneli ya mjini ilikuwa imetangaza kwamba itaonyesha misa yote moja kwa moja. Mwanamke azae padri, halafu siku ya upadri aangalie dari! Honorine alisema haiwezekani. Ruffin akamwekea mama mkwe tablet moja ukutani, mbele ya macho yake, akaiunganisha na serveur, akasema Mama ataona hadi jasho la askofu.

"Umesema weye mwenyewe," Honorine alimwambia. "Mdomo yako njo imesema."

Ndipo akafanya jambo lililowashangaza dada zake wote. Aliikataa nafasi yake kwenye benchi la familia, benchi la mbele kabisa, na kitenge chake cha sherehe kilikuwa tayari kimeshonwa. Alisema atabaki na mama. Wataangalia pamoja, mkono wa mama ndani ya mkono wake, na René atakapolala kifudifudi mbele ya altare watalia pamoja. Alimpenda René kupita kiasi. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yao anauza samaki. Nafasi ile aliiacha kwa moyo mweupe, lakini aliiacha kwa kulitegemea jeneza, na hilo lilimkera kila alipolikumbuka.

Sasa kuhusu mlingoti wa antena. Siku ya kuusimamisha Ruffin alileta bunda la waya na vibano vya chuma, na Honorine akacheka mpaka akashika mlango.

"Waya? Hiyo ni ya kufungia mbuzi! Papa Aimée, weye uko kwa Wagenia hapa. Batu yetu banafunga miti katikati ya maji yenye inanguruma vile, na kamba ya pori tu, na mti haitingishike. Bati yako njo itatushinda?"

Ruffin alifungua mdomo. Lakini Ruffin alikuwa mtu wa Yanonge, mwana wa wachuuzi wa mtoni, na zaidi ya hayo alikuwa mume aliyekuja kukaa katika parcelle ya wakwe. Mtu wa namna hiyo hufungua mdomo halafu anaufunga. Honorine akamwita kaka yake Osée, ambaye hufunga miti ya mitego ya ukoo pale kwenye maporomoko, na Osée akaja na kamba mbichi ya pori begani, bado inachuruzika maji, akapanda, akauzungushia mlingoti kwenye nguzo ya kona, akakaza kwa goti na meno. Ukiusukuma mlingoti, nyumba ndiyo iliyotikisika. Honorine akatangaza mbele ya watu wote kwamba fundo hilo ni la babu zake, na asiyekuwa Mgenia asiliguse.

Picha ikaja kama maji ya kisima. Honorine alitembea siku nzima kifua mbele.

Siku chache baadaye mambo yakaanza. Asubuhi picha safi. Jua likishapanda, sura za watu zinakatika vipande vya mraba, sauti inakwama, msomaji wa habari anabaki mdomo wazi kama samaki wa kukaushwa. Jioni ikiingia, picha inarudi yenyewe, kidogo kidogo.

"Jeneza limeanza kunuka," Honorine alisema.

Ruffin alianza kutafuta ugonjwa. Kwanza akazizima simu zote na kuziwasha. Mchana ukafika, vipande vilevile. Akasema labda ni wifi, akakihamisha kisanduku chake kutoka kabatini hadi dirishani, kutoka dirishani hadi juu ya friji. Vipande vilevile. Honorine akamuuliza kama sasa atakipeleka kisanduku kwa nabii akiombee. Akaondoa wifi kabisa, akaunganisha televisheni na kompyuta kwa waya. Vipande vilevile! Siku nyingine akakaa mbele ya kompyuta anaangalia filamu moja aliyokuwa ameihifadhi humo, mikono kifuani, saa ya jua kali kabisa, na filamu ikapita bila kukwama hata mara moja.

Honorine alikuwa uani anatwanga makemba, zile ndizi za kupikwa, apate bumba la lituma. Aliingia na mchi mkononi.

"Mama yangu iko anangojea upadri ya mutoto yake, na weye uko unaangalia sinema?"

"Minapima, Mama Aimée. Sinema iko ndani ya ordinateur, inapita muzuri. Donc ordinateur haina ubaya, na wifi haina ubaya. Ubaya inatokea mbele, kwa signal."

"Juzi ilikuwa wifi. Jana ilikuwa câble. Leo iko signal. Kesho utaniambia ni ndoki, ni mulozi!"

Vicky, jirani aliyekuja kuazima kinu na akasahau kuondoka, alicheka kwa sauti, na Honorine alipoona ana mtazamaji akaongeza moto. Akaeleza jinsi mtu anavyoweza kusoma mpaka macho yaingie ndani na bado asijue kuwasha redio. Akaeleza kwamba huko Yanonge televisheni ya kwanza walidhani ni dirisha. Ruffin alisikiliza yote, akasema "Bon", akarudi kwenye kiti chake. Hilo "bon" lake ndilo lililomchoma Honorine kuliko tusi. Mwanaume gani huyu asiyejibu?

Kisha ikanyesha mvua, mchana kweupe, mvua ya kupasua bati. Kila mtu anajua mvua na televisheni haviivi chungu kimoja. Honorine alikwenda sebuleni makusudi kuona jeneza likizimika lote. Akakuta picha safi kabisa, na Ruffin amesimama mbele yake, anaitazama namba ya ubora wa signal kwenye kona ya kioo, anatazama dari, anatazama namba tena. Alitoka nje katikati ya mvua bila shati. Akainua uso juu ya bati, akasimama pale analowana kwa muda mrefu.

"Sasa amerukwa," Honorine alimwambia mama yake.

Tangu siku hiyo Ruffin hakuifungua tena kompyuta. Badala yake, kila asubuhi, kabla jua halijashika, alichukua ndoo ya maji na ngazi akapanda juu ya nyumba. Honorine alimfuma akiteremka, miguu imelowa.

"Unafanya nini kule?"

"Ninapoza bati. Joto inasumbua serveur."

Eh Yesu! Honorine alikaa chini kabisa, juu ya kinu, acheke vizuri. Mtu mzima anaogesha nyumba! Alikwenda kuwaambia wote, kuanzia kisimani hadi sokoni: njooni muone mume wangu, ana mtoto wa bati, anamwogesha kila asubuhi. Wanawake walicheka hadi wakashika mbavu. Kweli, picha ilikuwa nzuri mchana siku hizo, ila Honorine alisema ni kwa sababu jeneza limeachwa lipumzike, halichokonolewi.

Jumapili ikafika. Parcelle ilikuwa imejaa: masufuria ya mboga ya pondu, samaki waliokaushwa, wageni wa kutoka Bengamisa, wanawake wa kanisa waliokosa nafasi katedrali wakaja kuangalia kwa Mama Hélène. Osée na ndugu wengine walikuwa wametangulia na René tangu alfajiri. Honorine alimwogesha mama yake, akamfunga kilemba, akampaka mafuta, akamwegemeza kwenye mito. Kisha yeye mwenyewe akavaa kile kitenge cha benchi la mbele. Kwa nini asivae?

Alipotoka chumbani akamkuta Ruffin yuko na ndoo chini ya ngazi. Wageni walikuwa wameshaanza kumtazama. Mmoja wa Bengamisa aliuliza kama nyumba inavuja.

"Weka chini," Honorine alisema, kwa meno.

"Mama Aimée, acha nimwagie kidogo tu. Jua ya leo iko kali, na misa ni ndefu."

"Siku ya upadri ya mudogo yangu, mbele ya batu, bwana ya nyumba iko juu ya bati anaogesha malata? Unataka baseme nini? Baseme René iko na shemeji kichaa? Weka ndoo chini, vaa shati, ukae kwa kiti kama mutu!"

"Honorine..."

"Nimesema!"

Akaichukua ngazi yeye mwenyewe, akaipeleka nyuma ya jiko. Ndoo akaimwaga kwenye migomba. Ruffin alimtazama, akatazama bati, akasema "Bon". Akavaa shati lake jeupe akaketi kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, kama mshitakiwa.

Misa ilianza vizuri. Chumbani palikuwa na joto la watu, wanawake wamejipanga ukutani hadi mlangoni, na Honorine kitandani kando ya mama yake, mkono ndani ya mkono, kama alivyopanga. Walimwona René akiingia amevaa nguo nyeupe. Mama Hélène alimtaja jina kwa sauti ndogo. Walimwona Osée kwenye benchi la mbele amekabwa na tai. Honorine aliiona nafasi yake tupu kando ya Osée na hakujutia hata chembe. Askofu alihubiri. Aliendelea kuhubiri. Alihubiri mpaka jua likasimama katikati ya anga na bati likaanza kulia kwa joto.

Alipomaliza, René akaitwa. Akasogea mbele ya altare, akapiga magoti, akaanza kulala kifudifudi. Na hapo hapo, kabla kifua chake hakijagusa sakafu, akakatika vipande. Kichwa huku, miguu kule, kisha rangi ya kijani, kisha giza.

"Ameenda wapi?" Mama Hélène alisema. "Honorine, René ameenda wapi?"

Wanawake wakapiga kelele. Honorine aliruka kutoka kitandani, akatoka hadi uani, na kila kitu alichokuwa amekihifadhi kwa miaka ya ndoa kikatoka naye. Alimwita Ruffin mzigo. Alimwita mtu wa kupewa chumba kwa huruma. Alisema yeye ameacha benchi lake kwa sababu ya jeneza la mjinga, na mjinga amekaa kwenye kiti cha plastiki. Alisema angeolewa na mtego wa samaki angekuwa na faida zaidi, maana mtego angalau unashika kitu. Wageni waliangalia chini. Hata Vicky hakucheka.

Ruffin aliinuka. Alikwenda nyuma ya jiko, akarudi na ngazi, akaiegemeza kwenye ukuta, akaishika kwa mikono miwili.

"Panda," alisema. "Uone na macho yako."

Lilikuwa neno fupi, na hakuwahi kumpa amri hata siku moja. Honorine akapanda kwa hasira, kitenge chake cha sherehe amekikunja magotini, viatu ameviacha chini. Bati lilimchoma nyayo. Akafika kwenye kona, akauona mlingoti umelala ubavu kama mlevi, antena imeugeukia mto badala ya mji. Akaitazama kamba ya babu zake. Ilikuwa nyembamba, kavu, ya rangi ya majivu, na kati ya kamba na nguzo palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono mzima. Aliupitisha mkono wake pale, ukaingia hadi kwenye kiwiko.

Alikuwa mtoto wa maporomoko. Hakuhitaji kuelezwa. Kamba ya pori inashika pale mtoni kwa sababu hainyauki. Usiku na mchana maji yanaipiga, inavimba, inabana. Hakuna Mgenia aliyewahi kuifunga juani, maana hakuna Mgenia mwenye mtego juu ya bati. Na hakuna aliyeliwaza hilo, yeye wa kwanza, na Osée wa pili. Ndoo za asubuhi, ile mvua ya mchana, picha zilizorudi na umande wa jioni, zikamjia zote kwa mara moja.

Akausukuma mlingoti, ukasimama wima.

"Amerudi!" wanawake wakapiga kelele ndani. "Amerudi, iko amelala chini!"

Akaachia. Mlingoti ukainama.

"Ameondoka! Honorine, ameondoka!"

Akaukamata tena. Ruffin alikuwa amefika kwenye ngazi ya mwisho, kichwa chake kimetokeza juu ya bati.

"Shika vile," alisema. "Nikileta maji sasa, kamba itakawia kuvimba. Na tukianza kufunga upya, Mama atakosa mikono ya askofu."

"Nashika," Honorine alisema. "Usiguse kitu. Nashika."

Akasimama pale amekumbatia mlingoti kifuani, jua utosini, nyayo zinaungua, akibadilisha mguu mmoja na mwingine bila kutikisa mwili. Barabarani watu walianza kusimama. Mgenia wa kitenge kipya juu ya nyumba, amekumbatia mti! Mtu mmoja alipiga mluzi. Honorine alikuwa na jibu la mtu yule, jibu zuri kabisa, ila kwa kulisema angetikisika.

Kupitia bati alisikia litania ikiimbwa. Alisikia kimya cha kuwekewa mikono. Alimsikia mama yake akisema, "Tazama nywele zake, tazama," na akajua kwamba askofu ameweka mikono juu ya kichwa alichokuwa anakinyoa yeye kwa wembe wakati René hajaanza shule. Kisha, baada ya muda mrefu, alisikia sauti ya René mwenyewe kwenye tablet, padri sasa, akisema neno ambalo hakulishika vizuri, neno lenye "mama" na "kitanda" ndani yake, na chumba kizima kikaangua kilio. Na Mama Hélène akajibu "Amina" kwa sauti ambayo hawakuisikia tangu avunjike.

"Amesema nini?" Honorine aliuliza. "Batu, amesema nini?"

Hakuna aliyemsikia.

Misa ikaisha. Honorine hakuweza kuufungua mkono wake mmoja. Vidole vilikuwa vimekauka kwenye chuma. Ruffin alipanda na ndoo, akamwaga maji taratibu, kwanza kwenye nyayo zake, halafu kwenye kamba.

"Ulijua," Honorine alisema.

"Tangu siku ile ya mvua."

"Na juu ya nini haukusema?"

Ruffin aliitikisa ndoo matone ya mwisho yatoke. Uani wageni wote walikuwa nyuso juu, wanasubiri.

"Ningesema," alijibu. "Ningemwambia nani, Honorine?"

Alikuwa anamuuliza kweli, bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. Honorine akaivuta ile kamba iliyolowa, akaipima kwa kidole.

"Leta ile waya yako ya mbuzi," alisema. "Tufunge, kabla René hajafika. Uliiweka wapi?"

Kabla Ruffin hajajibu, sauti ya Mama Hélène ikatoka dirishani, bado ina machozi.

"Iko hapa, chini ya kitanda yangu. Iko hapa tangu zamani. Mimi na bwana yako tulikuwa tunangojea siku utatoka kwenda mbali kidogo, aifunge."

Vicky akaingia chumbani kuichukua bila kuulizia iko upande gani.